Usuluhishi wa Madai ya Uzembe wa Kitabibu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Faili Hadi Hati

Karibu kila anayeniuliza kuhusu usuluhishi huja akiwa ameshatoka mikono mitupu, na husimulia siku ya kikao: wakili wa hospitali alikuwa mjeuri, msuluhishi aliegemea upande wao, daktari hakutokea. Nikiuliza faili la mgonjwa liko wapi, naambiwa hospitali ndiyo inalo. Nikiuliza walitaka wapewe nini hasa, jibu ni "haki yetu". Basi kikao hicho kilikuwa kimeharibika wiki kadhaa kabla ya watu kuketi.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa aliyeumizwa na matibabu, au familia yake. Msuluhishi si hakimu. Kazi yake ni kuzisaidia pande mbili zifikie makubaliano yao zenyewe, na hana uwezo wa kumlazimisha yeyote kulipa hata senti. Kwa hiyo nguvu yako haitoki kwake. Inatoka kwenye karatasi ulizobeba na kwenye ulichoamua kabla hujaingia mlangoni.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Nakala ya faili lote la mgonjwa, si karatasi ya kuruhusiwa peke yake.
- Stakabadhi zote: dawa, vipimo, usafiri wa kwenda kliniki, malipo ya mtu wa kumhudumia mgonjwa.
- Uthibitisho wa kipato kilichopotea: hati za mshahara, barua ya mwajiri, au daftari la biashara.
- Maoni ya maandishi ya daktari asiyehusika na hospitali hiyo, wa fani ileile.
- Hati inayokupa mamlaka ya kudai, kama mgonjwa si wewe. Kwa mtoto, ni mzazi au mlezi wa kisheria. Kwa mtu mzima asiyejiweza, ni hati ya uwakilishi au amri ya mahakama. Kwa marehemu, kwa kawaida ni msimamizi wa mirathi.
- Daftari moja la mambo haya tu.
- Wakili. Ukishindwa kumlipa kwa safari nzima, mtafute kwa mambo mawili: kuhesabu ukomo wa muda (siku ya mwisho ya kufungua madai) mwanzoni, na kusoma hati ya makubaliano mwishoni.

Usianze hatua inayofuata kwa sababu tu una hasira. Hasira ni halali, ila haiambatanishwi kama kielelezo.

## Hatua ya 1: Jua siku yako ya mwisho

Kila nchi ina sheria ya ukomo wa kufungua madai. Uingereza, kwa mfano, madai ya kuumizwa mwili yana miaka 3, ikihesabiwa tangu siku ya madhara au siku uliyojua kwamba madhara hayo yalitokana na matibabu. Nchi nyingine hutoa muda mrefu zaidi, nyingine mfupi zaidi, na hospitali ya serikali inaweza kuwa na masharti yake, kama vile notisi ya maandishi kabla ya kesi. Muulize wakili swali hili kabla ya jingine lolote, kisha andika tarehe hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Kwa nini: mazungumzo peke yake, katika mifumo mingi ya sheria, hayasimamishi saa. Hospitali inaweza kukujibu kwa upole miezi na miezi, "tunalifanyia kazi", na siku moja ukaambiwa muda umekwisha. Wakati mwingine si hila, ni uvivu wa ofisi. Kwako matokeo ni yaleyale.

Tahadhari: tarehe ikikaribia, omba makubaliano ya maandishi ya kusimamisha muda, na wakili wako athibitishe kwamba sheria ya nchi yako inayatambua. Wakikataa, au sheria hairuhusu, fungua kesi kwanza, kisha uombe usuluhishi ndani ya kesi. Mahakama nyingi huruhusu, na nyingine huagiza.

Umefanikiwa ukiwa na tarehe moja iliyothibitishwa na mwanasheria, si uliyosikia kwa jirani.

## Hatua ya 2: Chukua faili lote

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Madai ya matibabu ni hivyohivyo.

Andika barua ya kuomba nakala, usiombe kwa mdomo. Taja jina la mgonjwa, namba ya faili, tarehe za kulazwa, na utaje kila kitu kwa jina lake, kwa sababu ukiandika "rekodi za matibabu" utapewa kurasa tatu:

- maelezo ya madaktari ya kila siku;
- maelezo ya wauguzi, ambayo mara nyingi ndiyo yenye ukweli mwingi;
- chati ya presha, mapigo ya moyo, joto na upumuaji;
- chati ya dawa, yenye saa na sahihi ya aliyetoa;
- fomu ya ridhaa ya upasuaji;
- maelezo ya upasuaji na ya mtaalamu wa usingizi;
- majibu ya maabara na picha zenyewe za eksirei au skani, si ripoti tu;
- barua za rufaa na karatasi ya kuruhusiwa.

Peleka nakala mbili za barua, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Faili likija, hesabu kurasa mbele ya aliyekukabidhi na mwandike idadi.

Kisha soma. Hapa watu wengi hukata tamaa kwa sababu ya mwandiko na vifupisho. Huhitaji kuelewa kila neno. Kwanza tafuta saa, halafu tafuta mapengo. Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua kwa upasuaji akavuja damu usiku. Daktari ameandika presha ipimwe kila nusu saa. Ukifungua chati unakuta kipimo cha 21:30, na kinachofuata ni cha 00:45. Hapo katikati hakuna kitu, kisanduku kitupu juu ya kisanduku kitupu. Pengo hilo la saa tatu na robo lina uzito kuliko malalamiko yote ya ukoo kuhusu muuguzi aliyekuwa na maneno makali.

Tahadhari ya saa: chati huandikwa kwa saa za kizungu. 21:30 ni saa tatu na nusu usiku, na 00:45 ni saa saba kasorobo usiku. Nimeona madai yameandikwa "saa 3:30" bila kusema usiku wala asubuhi, wakili wa upande wa pili akayatumia kuonyesha kwamba familia haijui inachosema. Andika saa kama ilivyo kwenye chati, na uongeze tafsiri pembeni ukipenda.

Tahadhari nyingine: usiandike chochote juu ya karatasi za faili. Fanyia kazi kwenye nakala ya nakala.

Umefanikiwa ukiweza kufungua ukurasa wowote unaoutaja ndani ya nusu dakika.

## Hatua ya 3: Andika mfuatano wa matukio, kurasa mbili tu

Gawa karatasi safu tatu: tarehe na saa, kilichotokea, na namba ya ukurasa wa faili unaothibitisha. Jambo ambalo halimo kwenye faili lakini mliliona kwa macho liandikwe pia, na pale penye namba ya ukurasa andika "shahidi: mume" au "shahidi: dada".

Kurasa mbili. Najua una ya kusema kwa kurasa ishirini. Msuluhishi atasoma mbili kwa makini na ishirini kwa kurukaruka.

Usitumie maneno kama "kikatili", "kwa makusudi", "walimuua". Andika: "00:45, presha 70/40, muuguzi anamwita daktari. 01:30, daktari anafika." Msomaji atatafuta mwenyewe neno la kuita dakika hizo arobaini na tano.

## Hatua ya 4: Pata maoni ya daktari huru

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka kwa sababu inagharimu. Ndiyo hiyohiyo inayoamua kama hospitali itakuchukulia kwa uzito.

Matokeo mabaya si lazima yawe uzembe. Mgonjwa anaweza kufa mikononi mwa daktari aliyefanya kila kitu sawasawa. Kwa kawaida madai ya uzembe husimama juu ya mambo manne: kwamba walikuwa na wajibu wa kukuhudumia, kwamba walishuka chini ya kiwango cha taaluma, kwamba kushuka huko ndiko kulikoleta madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo. La kwanza na la nne ni nadra kubishaniwa. Vita viko kwenye la pili na la tatu.

Kuhusu kiwango, mahakama nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza bado zinaanzia kwenye kesi ya Bolam ya mwaka 1957: daktari hana hatia ya uzembe ikiwa alitenda kwa njia inayokubaliwa na kundi la kuaminika la madaktari wenzake. Kesi ya Bolitho ya 1997 iliongeza kwamba maoni ya hao wenzake lazima yawe na mantiki, haitoshi wao kusimama na kusema "sisi hufanya hivyo". Na kuhusu kumweleza mgonjwa hatari za matibabu kabla hajaridhia, uamuzi wa Montgomery wa 2015 huko Uingereza uliondoa kipimo cha Bolam: kinachotazamwa ni kama mgonjwa mwenye busara aliye katika hali ile angeona hatari hiyo ina uzito kwake. Kama lalamiko lako ni "hatukuambiwa", mwambie mtaalamu hivyo tangu mwanzo, maana hilo ni swali la aina nyingine.

Jambo la tatu, chanzo cha madhara, ndilo linaloangusha wengi. Kuna kesi ya Uingereza ya miaka ya 1960: walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakaenda hospitali. Daktari wa zamu hakuwaona, alisema kwa simu warudi nyumbani wawatafute madaktari wao. Mmoja alifariki saa chache baadaye kwa sumu ya aseniki. Mahakama ilikubali kwamba kutomwona kulikuwa uzembe, na bado mjane wake akashindwa, kwa sababu ilionekana hata angelazwa, tiba isingewahi kumwokoa. Inauma kusoma. Ndiyo sheria utakayokutana nayo.

Kwa hiyo mpe mtaalamu maswali haya, kwa maandishi:

1. Nini kilipaswa kufanyika, saa ngapi, na nani?
2. Nini hakikufanyika, na ukurasa gani unaonyesha?
3. Kingefanyika, je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko kinyume chake kwamba madhara haya yasingetokea?
4. Madhara yatakuwaje miaka ijayo: tiba gani, uwezo gani wa kufanya kazi?

Tahadhari: usimchague daktari rafiki yako anayekupa unachotaka kusikia. Maoni mabaya yakija mapema yamekuokoa. Mtaalamu akisema swali la tatu jibu ni hapana, bado unaweza kwenda kwenye usuluhishi kutafuta maelezo na kuombwa radhi. Usiende kutafuta fedha nyingi.

## Hatua ya 5: Amua unachotaka, na ufanye hesabu

Faida kubwa ya usuluhishi ni kwamba meza inapokea mambo ambayo hakimu hana uwezo wa kutoa. Mahakama kwa kawaida itakupa fedha. Kwenye usuluhishi unaweza kuomba maelezo kutoka kwa daktari mwenyewe, barua ya kuombwa radhi, upasuaji wa marekebisho bila malipo, tena kwenye hospitali nyingine, kufutwa kwa deni la matibabu, au kubadilishwa kwa utaratibu wa wodi ili jambo lisimpate mwingine.

Kaeni familia mwandike orodha tatu: lazima, tungependa, tunaweza kuachia. Kama mume anataka radhi na shemeji anataka fedha, malizeni ubishi huo nyumbani. Upande wa pili ukiuona ufa, utaingilia hapohapo.

Sasa fedha. Usichukue kiasi ulichosikia mtu fulani alilipwa. Jumlisha matumizi yaliyokwisha kutoka (stakabadhi), kipato kilichopotea, gharama za mbele kwa mujibu wa mtaalamu, kisha maumivu na kupoteza raha ya maisha kwa viwango vya mahakama za nchi yako, ambavyo wakili anavijua.

Tuseme jumla imekuja 100. Hiyo ndiyo thamani ukishinda kila kitu. Mwulize wakili uwezekano wa kushinda. Akisema asilimia 60, madai yako leo yana thamani ya 60. Toa gharama za kesi ambazo hutarudishiwa hata ukishinda, tuseme 12. Umebaki na 48, tena ya kuja baada ya miaka ya kusubiri, na rufaa haijahesabiwa. Hivyo ofa ya 45 inayolipwa ndani ya mwezi mmoja si dharau, hata kama ni chini ya nusu ya 100. Ofa ya 15 ndiyo dharau.

Andika namba mbili: ya kuanzia na ya mwisho kushuka. Ya mwisho asiijue mtu nje ya chumba chenu. Na muiandike kwenye karatasi, kwa sababu saa kumi jioni, njaa na machozi vikishaingia, mtasahau mliyokubaliana asubuhi.

## Hatua ya 6: Barua ya mwaliko, na nani aje

Barua iwe fupi: nani aliumia, lini, kasoro kuu mbili au tatu zenye namba za kurasa, mnachopendekeza (usuluhishi), na muda wa kujibu, wiki tatu au nne. Mwaliko na siku ya kujibu ziwe kwenye barua yenyewe. Maoni ya mtaalamu, na hesabu ya fedha kama wakili anashauri kuifichua, viambatane au vifuate.

Hospitali ikisita, kuna mambo mawili ya kuikumbusha. Kwanza ni gharama. Mwaka 2004, katika kesi ya Halsey dhidi ya Milton Keynes General NHS Trust (taasisi ya hospitali ya umma), ambayo yenyewe ilitokana na kifo hospitalini, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema aliyeshinda kesi anaweza kunyimwa gharama zake ikiwa alikataa usuluhishi bila sababu ya msingi. Ulize kama mahakama za kwenu zina msimamo unaofanana. Pili ni uzoefu. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, zilianza mwaka 2001 kukiri makosa mapema na kutoa fidia bila kusubiri kesi. Utafiti uliochapishwa 2010 uliona madai mapya yalipungua na muda wa kuyamaliza ukafupika. Hofu kwamba ukiongea utashtakiwa zaidi haikutimia pale.

Sasa sharti ambalo halina mjadala: aje mwenye mamlaka ya kukubali malipo. Asiyekuwepo na lake halipo. Hospitali nyingi zina bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ya kulipia makosa ya kazi, na mwenye mfuko ni kampuni ya bima, si mkurugenzi. Mkikaa na ofisa wa mahusiano na wakili pekee, mtasikilizwa vizuri sana, mtapewa maji ya kunywa, na mwisho mtaambiwa "tutawasilisha kwa wahusika". Andika kwenye barua: tunaomba mthibitishe jina na cheo cha atakayekuja na uwezo wa kusaini siku hiyohiyo, pamoja na mwakilishi wa bima, ana kwa ana au awe anapatikana kwa simu muda wote.

Je, daktari mhusika aje? Kama mnachotaka zaidi ni maelezo, ndiyo. Kama mgonjwa akimwona tu anatetemeka, aje daktari mkuu wa idara badala yake.

## Hatua ya 7: Mchague msuluhishi, usome mkataba wake

Msuluhishi mzuri wa mambo haya si lazima awe daktari. Anatakiwa awe amesuluhisha migogoro ya matibabu, asiwe na uhusiano na hospitali wala bima yake, na aweze kusoma ripoti ya kitaalamu bila kutafsiriwa. Mwulize moja kwa moja: umewahi kulipwa kazi na hospitali hii au bima hii? Majina matatu kutoka kila upande, mkakutane kwenye moja.

Kabla ya kikao atawapa mkataba wa usuluhishi. Hakikisha una mambo haya: yanayosemwa kikaoni ni siri na hayatatumika mahakamani; kila upande unaweza kuondoka wakati wowote; msuluhishi hataitwa kuwa shahidi; nani analipa ada, kwa kawaida nusu kwa nusu, ingawa si dhambi kuiomba hospitali ilipe yote.

Tahadhari: usiri unafunika maneno ya kikaoni. Haufuniki faili, ambalo lilikuwepo kabla. Mtu akikuambia "sasa chati haiwezi kutumika mahakamani kwa kuwa tumeijadili hapa", amekosea au anakujaribu.

## Hatua ya 8: Siku ya kikao

Andaeni siku nzima. Beba chakula, dawa za mgonjwa, chaja ya simu, nakala tatu za mfuatano wa matukio. Watu watatu au wanne wanatosha. Ukoo mzima ukijaa chumbani, upande wa pili hujikunja kama konokono.

Kikao cha pamoja. Msuluhishi anaeleza utaratibu, kisha kila upande unasema. Zungumza wewe, si wakili. Dakika tano hadi saba, ukiwatazama wao na si msuluhishi. Kitu kama hiki:

"Mke wangu aliingia wodi ya wazazi akitembea kwa miguu yake. Alifanyiwa upasuaji salama, mtoto mzima. Daktari aliandika presha ipimwe kila nusu saa. Ukurasa wa 34 unaonyesha kipimo cha 21:30, na kinachofuata ni 00:45. Alikuwa ananiambia anasikia baridi. Nilimwita muuguzi mara mbili. Leo hana kizazi, na ana miaka ishirini na sita. Nataka kujua saa zile tatu na robo kulikuwa na nini wodini. Na nataka tuzungumze jinsi ya kurekebisha kinachoweza kurekebishika."

Hakuna tusi humo. Kuna ukurasa, kuna mtu, kuna swali. Kaa kimya baada ya hapo. Kimya kile kina kazi yake, usikijaze wewe.

Wakijibu jambo unalojua si kweli, usikatize. Andika saa na maneno yao, kisha zamu yako ikifika jibu kwa namba ya ukurasa.

Vikao vya faragha. Baadaye kila upande unapewa chumba chake, na msuluhishi anazunguka. Hapa ndipo kazi kubwa inapofanyika. Unayomwambia hayatoki bila ruhusa yako, ila usimwachie kazi ya kukisia. Sema: "Hili wapelekee. Hili lisitoke." Atakuuliza maswali magumu kuhusu udhaifu wa madai yako. Usione ameegemea upande wao. Kwenye chumba cha pili anafanya vilevile, ni wewe tu humsikii.

Ofa. Ya kwanza kutoka kwao itakuudhi. Karibu kila mara. Usiondoke. Uliza msingi wake: "Mmefikaje kwenye namba hii?" Kila unaposhuka, toa sababu na uombe kitu. "Tunapunguza sehemu ya kipato, mkikubali upasuaji wa marekebisho ulipwe na ninyi." Ukishuka bure mara mbili wataendelea kusubiri ya tatu.

Radhi. Ikitolewa, ipokee ilivyo, hata kama imekuja kwa kigugumizi. Wakili wa hospitali akiogopa kwamba kuomba radhi ni kukiri kosa, kuna mfano wa kumpa: sheria ya fidia ya Uingereza ya 2006 inasema wazi kwamba kuomba radhi peke yake si kukubali uzembe, na majimbo mengi ya Marekani yana sheria za namna hiyo. Sisi wengine tungesema mtu mzima hahitaji kifungu cha sheria ili aseme pole, lakini ndivyo ofisi zilivyo.

Umefanikiwa ikiwa kufikia alasiri mnajadili namna na tarehe, si nani mwongo.

## Hatua ya 9: Hati ya makubaliano

Mkikubaliana, msitoke na ahadi. Iandikwe, isomwe kwa sauti, isainiwe siku hiyohiyo. Makubaliano ya mdomo hulala usiku mmoja tu, asubuhi kila mtu ameamka na yake. Wakili wako awe hapo au kwenye simu.

Kagua haya:

- Kiasi, akaunti, tarehe. Kama ni kwa awamu, nini kinatokea awamu ikichelewa: salio lote linadaiwa mara moja, pamoja na riba.
- Unachoachia. Hospitali itataka uachie madai yote, ya sasa na ya baadaye. Kama mtaalamu wako alisema tatizo linaweza kuongezeka, jambo hilo litajwe au lilipiwe sasa. Ukishasaini ni vigumu mno kurudi.
- Matibabu ya baadaye: yapi, wapi, kwa muda gani, nani analipa.
- Barua ya radhi: maneno yake yaambatanishwe. "Itatumwa" haina siku.
- Usiri: ukikubali kutotaja kiasi, bakiza ruhusa ya kuzungumza na madaktari wako, wakili, familia ya karibu na mamlaka za serikali.
- Kipengele cha kutolalamika kwa baraza la madaktari: kikatae. Nidhamu ya taaluma ina mlango wake, na makosa ya jinai hayauzwi kwa makubaliano ya watu wawili.
- Namna ya kutekeleza: kusajiliwa mahakamani pale sheria inaporuhusu, ili wakigoma kulipa usianze kesi upya.

Mgonjwa akiwa mtoto au mtu asiyejiweza kiakili, katika nchi nyingi makubaliano hayana nguvu hadi mahakama iyapitie. Usigawe fedha kabla.

Onyo moja la pembeni: wakati mwingine familia huletewa fomu dirisha la malipo siku ya kuruhusiwa, "saini hapa deni lifutwe". Isome mara mbili. Ndani yake kunaweza kuwa na sentensi moja inayoachia madai yote.

## Mkishindwa kukubaliana

Muombe msuluhishi aandike tu kwamba kikao kimefungwa bila makubaliano, bila sababu. Waachie upande wa pili ofa yako ya mwisho kwa maandishi yenye maneno ya kulinda haki zako (kwamba ofa hiyo isitumike dhidi yako mahakamani), ikiwa wazi kwa siku 14. Bima ikishakaa na namba zake ofisini, bila mtu kuitazama, simu huwa inapigwa.

Wakati unasubiri, andika yale ambayo sasa unayajua na jana hukuyajua: hoja gani yao ilikuwa na uzito, swali gani walilikwepa, nani hasa kati yao ana sauti. Kisha fungua ukurasa wa kwanza wa daftari, tazama ile tarehe, na mpigie wakili simu ukiwa bado na miezi, si siku.